Kadi ipi ya mkopo inatufaa? Nimezipima kwa risiti za nyumbani kwangu Columbus

Sanduku langu la barua hapa Columbus, Ohio, linapokea ofa nyingi za kadi za mkopo kuliko barua za shule ya watoto. Bahasha nene, jina langu kamili, na ndani maneno matamu: umeteuliwa, umeshapita mchujo, dola 200 zinakusubiri. Watu wengi wa kwetu huzichana bila kuzifungua. Wengine hujaza ile ya kwanza kuwaangukia mkononi. Mimi nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu Chumbageni, Tanga, kabla sijaja huku kulea wazee zamu za usiku, na karatasi yenye namba siwezi kuitupa kabla sijaisoma. Basi nimezisoma, nikatoa na risiti zetu za miezi kadhaa kwenye droo ya jikoni, nikapiga hesabu.

Masharti nitakayotaja ni yale yaliyoandikwa kwenye ofa nilizozishika. Benki hubadilisha, kwa hiyo kabla ya kuomba geuza karatasi utazame jedwali. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inazilazimisha benki kuliweka kwenye kila ofa: riba ya manunuzi, riba ya kutoa taslimu, ada ya mwaka, ada ya miamala ya nje ya nchi, faini ya kuchelewa. Wenyewe wanaliita sanduku la Schumer, kwa jina la Charles Schumer wa New York, aliyeipigania sheria hiyo akiwa bado Baraza la Wawakilishi. Upande wa mbele wa barua ameandika mtu wa mauzo. Jedwali ameandika mwanasheria, na mimi namwamini mwanasheria, maana analipwa ili benki isishtakiwe.

Riba sikuilinganisha. Ofa zote mezani kwangu zilikuwa juu ya asilimia 20 kwa mwaka, za wanaoanza zikikaribia 30, na mtu anayebishana kati ya 24 na 27 ameshajipangia kubaki na deni. Nyumbani kwetu kadi inalipwa yote kila mwezi au haichukuliwi kabisa. Ukilipa deni lote la taarifa ya mwezi kabla ya tarehe, manunuzi hayatozwi riba, na sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 inataka taarifa hiyo itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa. Wapo ndugu zetu msikitini wasiotaka hata kusaini mkataba wenye kifungu cha riba. Wanatumia kadi ya kawaida ya benki, na sina la kuwabishia. Ila wajue kwamba kadi ile haiwajengei skoo, ile namba inayoonyesha unavyolipa madeni yako, na bila skoo nyumba ya kupanga na mkopo wa gari hapa vinapatikana kwa taabu.

Tuanze na mgeni, maana ndiye anayewindwa zaidi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alishinda grini kadi akaja kukaa kwetu. Kadi yake ya Social Security ilipofika kwa posta akapata kazi ghalani, na haukupita muda bahasha zikaanza kuja kwa jina lake.

"Dada, mbona hawa wananikubali hata sijaomba?"

"Hawajakukubali. Wamekuita tu. Soma nyuma."

Tukasoma nyuma. Kadi ya kwanza, ya kampuni nisiyoitaja, ilimpa kikomo, yaani mwisho wa kukopa, cha dola 300 bila dhamana yoyote, jambo ambalo kwa mgeni linasikika kama heshima. Ada ya mwaka wa kwanza: dola 75, inakatwa siku kadi inapofunguliwa. Yaani anapokea kadi ya dola 300 yenye dola 225 ndani, na deni la 75 kabla hajanunua hata kiberiti. Ile 75 haikutokea tu. Sheria ya 2009 inasema ada za mwaka wa kwanza zisizidi robo ya kikomo, na robo ya 300 ni 75 kamili. Wamekwenda mpaka ukutani wakasimama. Kuanzia mwaka wa pili jedwali lilionyesha na ada ya kila mwezi. Hiyo tukaichana, na mwenye kadi ya namna hiyo namshauri atafute njia ya kutokea.

Zilizobaki kwa mgeni ni kadi za dhamana. Unaweka pesa yako benki, wanakupa kikomo kinacholingana nayo, unatumia na kulipa, na wao wanapeleka taarifa zako kwenye kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo. Dhamana ni yako, inakaa kama hisa za kikoba: huigusi, lakini siku ukifunga hesabu huna deni unarudishiwa. Tulizilinganisha nne.

OpenSky haikagui historia yako ya mikopo hata kidogo, lakini ina ada ya mwaka ya dola 35. Kwa mtu aliyekwishaharibu skoo na kukataliwa kwingine, sawa. Kwa mgeni ambaye hajaharibu kitu, ni kulipia mlango uliokuwa wazi.

Capital One wana mbili. Platinum Secured haina ada ya mwaka, na uzuri wake ni kwamba dhamana inaweza kuwa dola 49, 99 au 200 kwa kikomo cha kuanzia 200. Tatizo ni kwamba kiasi wanachagua wao, si wewe, na ukinunua hakuna senti inayorudi. Nyingine ni Quicksilver Secured: dhamana kuanzia dola 200, haina ada ya mwaka, na inakurudishia asilimia 1.5 ya kila unachonunua.

Discover it Secured nayo dhamana yake ni kuanzia 200, haina ada ya mwaka. Inarudisha asilimia 2 kwenye vituo vya mafuta na migahawa, kwa manunuzi yasiyozidi dola 1,000 kila robo mwaka, na asilimia 1 kwingine kote. Kwa kusoma haraka Quicksilver inaishinda, kwa sababu mdogo wangu hana gari, anapanda basi la COTA, na mgahawani haingii mtu ambaye ugali na dagaa vinamsubiri nyumbani. Lakini Discover mwishoni mwa mwaka wa kwanza wanaangalia jumla ya walichokurudishia, kisha wanakupa kiasi hichohicho tena. Asilimia 1 yake ikawa 2. Halafu kuanzia mwezi wa saba wanaanza kuikagua akaunti wenyewe, kuona kama dhamana irudishwe. Alichukua hiyo, kwa dhamana ya dola 300. Angekuwa anakwenda nyumbani mwaka huu ningemwambia achukue Quicksilver Secured, maana Discover ukivuka maji ni wachache wanaoipokea, na Capital One hawatozi ada ya miamala ya nje.

Kabla ya kuomba tulipita kwenye kurasa za benki za kujiangalia kama utakubaliwa. Ukaguzi ule ni mwepesi, hauigusi skoo. Ombi lenyewe ndilo linaloacha alama, nayo hukaa kwenye ripoti miaka miwili, kwa hiyo kuomba kadi tano kwa pamoja ili uone ipi itajibu ni kujichafulia bure.

Kwenye kikomo kidogo kuna mtego ambao bahasha hazitakuambia. Katika skoo ya FICO, kampuni inayopiga hesabu ya namba hiyo, kulipa kwa wakati kuna uzito wa asilimia 35, na kiasi unachodaiwa kina asilimia 30. Ukitumia dola 240 kwenye kikomo cha 300, hata kama utalipa zote, taarifa ya mwezi ikifungwa siku hiyo inaonekana umekula asilimia 80 ya kikomo. Mdogo wangu analipa siku chache kabla taarifa haijafungwa, ili kinachoripotiwa kiwe kidogo. Anainunulia tikiti ya mwezi ya basi na bili ya simu, basi. FICO inahitaji kama miezi sita ya historia kabla haijakupa namba yoyote, kwa hiyo ukifungua simu kila asubuhi kutafuta skoo utajipa presha bure.

Sasa nyumba yangu, ambayo skoo ipo na ofa zinazokuja ni za kubembeleza. Hapa ndipo wengi wanachagua kwa kutazama asilimia kubwa kuliko zote, na ofa iliyonivutia mimi mwenyewe ilikuwa Blue Cash Preferred ya American Express: asilimia 6 kwenye supamaketi. Sita! Mama mwenye watoto wawili anayepika kila siku angetaka nini tena? Ada ya mwaka ni dola 95, ingawa ofa iliisamehe mwaka wa kwanza, na asilimia 6 inaishia kwenye dola 6,000 za mwaka. Dada yake asiye na ada, Blue Cash Everyday, anatoa asilimia 3 kwenye supamaketi, vituo vya mafuta na manunuzi ya mtandaoni. Upande wa pili zilikaa mbili zisizo na mbwembwe, Active Cash ya Wells Fargo na Double Cash ya Citi, zinazorudisha asilimia 2 kwenye kila kitu bila ada ya mwaka.

Nikamwaga risiti mezani. Kwa wastani wa mwezi, supamaketi za Kroger na Aldi zinachukua dola 200. Walmart na Costco pamoja, 180, na kati ya hizo kama 60 ni za Costco: gunia la mchele, mafuta, sabuni. Bucha la halali na duka la Kiafrika huku Morse Road, 160, kwa sababu mbuzi, unga na mihogo ya barafu huvipati Kroger, na ukivipata utalia bei. Mafuta ya gari 150. Simu na bima ya gari 210. Jumla 900 kwa mwezi, 10,800 kwa mwaka.

Kwa American Express, supamaketi ni supamaketi. Walmart haihesabiwi, Target haihesabiwi, maduka ya jumla ya uanachama hayahesabiwi. Costco ndio kabisa, dukani kwao wanapokea Visa tu katika kadi za mkopo. Bucha letu nalo halipokei American Express. Mzee pale kaunta anasema makato yao hayaendani na faida ya nyama. Kwa hiyo asilimia 6 ile tamu inabaki na dola 200 zangu za Kroger na Aldi, yaani 2,400 kwa mwaka, na inanirudishia 144. Mafuta kwa asilimia 3 yananipa 54. Walmart, simu na bima kwa asilimia 1 ni kama 40. Jumla 238, toa ada ya 95, nabaki na 143. Blue Cash Everyday: supamaketi 72, mafuta 54, vingine 40, jumla 166, bila ada. Kadi ya asilimia 2 kwa kila kitu, bucha na Costco vikiwemo: dola 216.

Nilirudia hesabu nikidhani nimeruka mstari. Sikuruka. Mume wangu akasema, "Mama nanihii, sita imeshindwa na mbili?" Imeshindwa, kwa jinsi sisi tunavyonunua. Familia inayomaliza dola 500 kwa mwezi Kroger peke yake itafikia ile 6,000, itarudishiwa 360, itatoa 95, na itanicheka. Nimepiga na mahali zinapokutana: ukiwa unatumia chini ya dola 264 kwa mwezi kwenye supamaketi halisi, yenye ada ya 95 haiwezi kuishinda hata ndugu yake wa asilimia 3. Ndiyo maana sielewi orodha za "kadi bora za mwaka". Bora kwa nani? Aliyeziandika hanunui mbuzi Morse Road.

Kati ya Active Cash na Double Cash tofauti ni nyembamba. Double Cash inakupa asilimia 1 ukinunua na nyingine 1 ukilipa, na kwa anayelipa yote matokeo ni yaleyale. Kilichoamua ni kwamba Active Cash ni Visa na Double Cash siyo, basi gunia la mchele la Costco linaingia humo. Ofa yangu ilikuwa na zawadi ya dola 200 ukitumia 500 katika miezi mitatu ya kwanza, na 500 kwetu ni bili na chakula cha kawaida, hakuna cha kwenda kununua usichohitaji ili uifikie. Miezi yote tangu niichukue imefanya kazi iliyoahidi. Programu yake ya simu ni ya kawaida mno, haina uzuri, lakini malipo ya moja kwa moja ya deni lote niliyaweka mara moja na sijahitaji kuyagusa.

Kadi za maduka ya fanicha nitazipitia haraka. Ukisikia "hakuna riba ukimaliza ndani ya miezi 12", usiichanganye na kadi ya benki yenye riba sifuri kwa muda. Ya benki, muda ukiisha, riba inaanza kwenye salio lililobaki tu. Ya duka, mara nyingi riba ilikuwa inajikusanya chinichini tangu siku ya kwanza, na ukibakiza hata dola 50 kwenye sofa la 1,200 wanakushushia riba yote ya mwaka mzima. Wahenga walikwishasema kukopa harusi kulipa matanga, na hawakuwa wameona sofa.

Jambo linalotuhusu sisi kuliko Wamarekani, na ambalo hakuna bahasha iliyoligusa, ni kutuma pesa nyumbani. Shemeji yangu alikuwa anatuma dola 300 za ada ya shule Korogwe. Mshahara haujaingia, akachagua kulipa kwa kadi ya mkopo kwenye programu ya kutuma pesa. Programu ikaongeza makato yake kwa anayetumia kadi, hilo aliliona. Asiloliona ni kwamba benki yake iliuhesabu muamala ule kuwa ni kutoa taslimu. Ada yake ni asilimia 5, dola 15. Halafu riba ya karibu asilimia 30 inayoanza siku ileile, kwa sababu taslimu haina zile siku za kusubiriwa. Alipolipa baada ya siku 25, riba ilikuwa imefika dola 6 na senti kidogo. Dola 21 juu ya 300, bila makato ya programu, na taslimu hairudishiwi ile asilimia 2 pia. Benki nyingine huhesabu hivyo, nyingine hapana, na ukiiangalia programu huwezi kujua. Mkataba wa kadi ndio unaosema, kwenye sehemu ya taslimu na vinavyofanana na taslimu. Sisi pesa ya nyumbani inatoka kwenye akaunti ya benki moja kwa moja, hata ikichelewa siku mbili. Kwa kadi ya mdogo wangu tulipiga simu tukaomba kikomo cha taslimu kishushwe hadi chini kabisa wanakoruhusu, na mhudumu hakuuliza hata sababu.

Safari ndiyo kasoro ya Active Cash, na hapo naivua nyota moja. Inatoza asilimia 3 kwa muamala unaofanyika kwa fedha ya kigeni. Double Cash inatoza vilevile, na zile mbili za Blue Cash asilimia 2.7. Tukienda Tanga na watoto tunapitia Zanzibar, na kwa hoteli na mengine yanayokubali kadi nimekadiria dola 1,500. Kwa Active Cash ningetozwa 45 nirudishiwe 30, hasara ya 15 kwa kila safari. Kwa hiyo kadi yangu ya pili ni Quicksilver ya kawaida ya Capital One, isiyo na dhamana, isiyo na ada ya mwaka wala ada ya nje: asilimia 1.5, dola 22.50 zinazoingia badala ya kutoka. Hapa Columbus inakaa droo, naitoa mara mojamoja kulipia kitu kidogo ili isifungwe kwa kukaa bure.

Na huko nyumbani usitarajie makubwa kutoka kwake. Sokoni Mgandini wanataka noti au simu. Hotelini uliza kwanza kama wanaongeza asilimia yao kwa anayelipa kwa kadi, na wakiongeza lipa shilingi taslimu. Wasipoongeza, mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa dola au kwa shilingi, bonyeza shilingi, maana bei ya dola ya mashine ile wanaipanga wao, na hawaipangi kwa kukuhurumia.